Roki ya London mnaijua, ya hapo ng'ambo ya Tunduma mnairuka

Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama ni kijana mwenzangu basi mambo vipi.

Naandika kuhusu ile makala yenu ya ukurasa wa burudani, ya albamu za roki za mwishoni mwa miaka ya sitini na sabini ambazo watu walizipita bila kuzisikiliza. Makala nzuri sikatai, mwandishi kajitahidi, kawataja Zombies wa Uingereza na ile Odessey and Oracle ya 1968 ambayo bendi ilishavunjika kabla haijatoka, kawataja Big Star wa Memphis na #1 Record ya 1972 iliyosifiwa magazetini halafu madukani haionekani, na mwisho kama kawaida yenu mkamchomeka Freddie Mercury kwa sababu kazaliwa Unguja mwaka 1946. Sawa. Ila hata huyo mnamtaja kwa nyimbo zile zile za uwanja wa mpira, wakati Queen II, albamu ya bendi yake ya Queen ya 1974, ina upande mzima, wenyewe wanauita upande mweusi, ambao kila wimbo kautunga yeye, na hiyo hamkuigusa kabisa.

Haya, hilo tuliache. Kilichonifanya nishike simu niandike ni kwamba makala nzima imezunguka London, Memphis, Los Angeles, ikarudi London, na hakuna mstari hata mmoja wa Zambia. Zambia jamani! Mimi niko Mbeya, kutoka hapa hadi mpakani ni safari ya nusu siku hata ukipanda basi bovu, na hapo ng'ambo miaka ya sabini vijana walikuwa wanapiga roki nzito na wanatoa albamu kamili, siyo wimbo mmoja mmoja, wenyewe leo wanaiita Zamrock. Kama mnatafuta albamu zilizosahaulika basi hizi ndio zenyewe, maana Big Star angalau wazungu walikuja wakawakumbuka mapema, hawa wa Zambia walikaa gizani zaidi ya miaka thelathini.

Nianze na WITCH kwa sababu ndio wakubwa. Jina ni kifupi cha We Intend To Cause Havoc, yaani hawa jamaa walitangaza toka mwanzo kwamba wamekuja kufanya fujo. Mwimbaji wao Emanuel Chanda alijulikana kama Jagari, na hilo Jagari limetoka kwa Mick Jagger, wala hafichi. Chris Mbewe kwenye solo, John Muma kwenye rizim, Gedeon Mulenga besi, Boidi Sinkala drams. Albamu ya kwanza Introduction ilitoka 1972, na niseme ukweli ile sauti yake ni ya kienyeji sana, utadhani wamerekodi ndani ya stoo, lakini ina moto. In the Past ya 1974 imetulia kidogo. Lazy Bones!! ya 1975 ndio yenyewe, hapo bendi imekomaa, sikiliza Black Tears inavyofungua au Motherless Child, lile gitaa la fazi, yaani sauti iliyopasuliwa kwa makusudi, linakwaruza kama spika ya daladala iliyochanika, halafu besi na drams chini yake wala hazina haraka, zinatembea tu. Mtu aliyezoea solo la dansi letu la enzi hizo hatapotea, maana mkono ni wa Kiafrika hata kama mashine waliyochomekea gitaa imetoka Ulaya.

Sasa kwa nini Zambia na siyo sisi? Hili ndilo swali ambalo gazeti kama lenu lilitakiwa kuliuliza. Kwanza shaba. Miji ya Copperbelt, mkoa wao wa shaba, Kitwe, Ndola, Chingola, Mufulira, ilikuwa na migodi, migodi ilikuwa na mishahara, na mishahara ilileta gitaa za umeme, ampulifaya, santuri za Hendrix na Black Sabbath na James Brown, na kumbi ambazo kijana wa mgodini angeweza kulipa kiingilio mwisho wa mwezi. WITCH wenyewe ni watoto wa Kitwe. Pili Rais Kaunda. Mzee aliagiza redio ya taifa ipige muziki wa Wazambia kwa asilimia 95, na vijana kwa kuwa walishazoea roki wakaona sawa, mnataka muziki wa nyumbani, basi tutapiga roki ya nyumbani. Angalia siasa inavyoweza kuzaa kitu ambacho mwenyewe hakukipanga! Huku kwetu mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, mini zikakimbizwa mitaani kwenye Operesheni Vijana, na bendi zikaelekezwa kwenye nyimbo za Kiswahili za kujenga taifa. Silaumu, dansi letu lilipata faida kubwa kwenye hilo na mimi ni mpenzi wa dansi, ila kijana wa Ilala aliyetaka kupiga gitaa la fazi alikuwa hana pa kwenda.

Halafu kuna jambo la mashine ambalo watu hawalisemi. Tanzania hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania kwenye tepu, tepu ikakaa maktaba, na ukitaka sahani inabidi kazi iende Nairobi, na huko sana sana zilitoka zile sahani ndogo za nyimbo mbili. Ndio maana bendi zetu nyingi kubwa za enzi zile zina mamia ya nyimbo lakini ukimuuliza mtu albamu anakuna kichwa. Wazambia walipata kiwanda Ndola, kukawa na lebo kama Zambia Music Parlour, na mtu akaweza kukaa chini kufikiria sahani nzima, upande wa kwanza uanze vipi, wa pili uishe vipi. Albamu inahitaji kiwanda, siyo kipaji peke yake.

Nairobi nayo imo kwenye hii hadithi bana, msiisahau. Musi-O-Tunya, bendi ya Rikki Ililonga, iliyojipa jina la maporomoko yao ya Mosi-oa-Tunya, ilihamia Kenya ikafanya kazi huko kabla ya kutoa Wings of Africa mwaka 1975, na ile albamu ukiisikiliza unasikia ngoma za asili, matarumbeta na gitaa la fazi vyote kwa mpigo, wala havigombani. Rikki peke yake alitoa Zambia mwaka huo huo wa 1975, hiyo ni ya kusikiliza usiku umetulia. Na Kenya wenyewe walikuwa na Black Savage, ambako alipitia Job Seda, yule aliyekuja kujulikana dunia nzima kama Ayub Ogada na nyatiti yake, kile kinubi cha Wajaluo. Nani kati ya wasomaji wenu anajua kwamba yule mzee wa nyatiti alianzia kwenye bendi ya aina hiyo?

Ila kama mtu ana muda wa albamu moja tu katika zote hizi, mimi nasema Africa ya Amanaz, 1975, na nitabishana na yeyote. Keith Kabwe anaimba, Isaac Mpofu na John Kanyepa kwenye magitaa, Jerry Mausala besi, Watson Lungu drams. Ni albamu yao pekee. Kuna wimbo pale unaitwa Khala My Friend, wa taratibu sana, mtu anamwimbia rafiki anayeondoka, hakuna kelele, sauti imechoka kidogo, halafu gitaa linaingia kwa mbali kama halitaki kusumbua. Baada ya hapo History of Man, hiyo sasa ni nzito, ngumi juu ya meza. Kuziweka mbili hizo kwenye sahani moja inataka roho. Na kitu kingine, ile albamu ipo kwa michanganyo miwili ya sauti, mmoja mkavu na mwingine wenye mwangwi mwingi, na wapenzi wanagombana upi bora. Mimi niko na mkavu, ule wa mwangwi unanifanya nione kama bendi inapigia chooni, lakini najua watu wa heshima kabisa wanaoapa kwa huo.

Paul Ngozi naye hamkumtaja. Huyu alizaliwa 1949 akafariki 1989, alikuwa akipiga gitaa kwa meno jukwaani, na bendi yake ya Ngozi Family ilikuwa haina mapambo, gitaa, besi, drams, twende kazi. Day of Judgement ya 1976 ukimpigia kijana leo bila kumwambia ni ya lini na ya wapi atasema ni panki ya Uingereza. Mpiga drams wake Chrissy Zebby Tembo alitoa yake, My Ancestors, 1974. Na mwaka 2024 mwanarap wa Marekani Tyler, the Creator kachukua kipande cha wimbo wa Ngozi Family akakijengea wimbo wake wa Noid, vijana wetu wakauimba kwenye simu, na sina hakika kama mmoja katika mia alijua ile sauti nyuma yake imetoka Zambia.

Zilisahauliwa vipi? Siyo kwamba zilikuwa mbaya. Bei ya shaba ilianguka katikati ya sabini, mafuta yalikuwa yameshapanda tangu 1973, mpaka na Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ukafungwa mwaka huo huo, reli ya Benguela iliyopeleka shaba pwani ya Angola ikakatika 1975 kwa vita ya huko, na ghafla nchi nzima ikawa inategemea barabara na reli yetu ya TAZARA, kilomita 1,860 toka Kapiri Mposhi mpaka Dar, iliyokabidhiwa 1976. Nchi ikikosa fedha za kigeni hainunui malighafi ya kuchapa santuri, inanunua dawa na mafuta. Ndege za Rhodesia zikaanza kupiga Zambia, ikaja amri ya kutotoka usiku, bendi zikawa zinapiga mchana mchana, na roki ya mchana ni kazi ngumu hiyo. Kaseti za wizi zikamaliza biashara. Disko likaingia. Halafu ukaja UKIMWI, na hapo ndio inauma, maana ukisoma majina ya kikosi cha WITCH niliyoyataja pale juu, aliyebaki hai ni Jagari peke yake. Yeye aliingia kwenye uchimbaji wa vito, anachimba mawe porini, wakati huo huo Ulaya na Marekani kuna watu wanalipa mamia ya dola kwa nakala moja ya kwanza ya sahani aliyoimba.

Ni lebo ya Now-Again ya Los Angeles iliyokuja kuzitoa upya, boksi zima la WITCH likatoka 2012, ikaja filamu 2019, na Jagari akaingia studio ya DB pale Lusaka na kikosi kipya chenye vijana wa Kizungu wakatoa Zango mwaka 2023. Nashukuru walizitoa. Lakini inanikera kwamba mimi niliye jirani nimezijua kupitia mtu aliyeko California, na magazeti yetu bado yanasubiri wazungu watoe orodha ndipo yatafsiri.

Naamini sababu kubwa ni kwamba hawa watu hawakuwa wa huku wala wa kule. Waliimba Kiingereza, basi kwetu wakaonekana wanaiga wazungu. Wazungu nao wakija Afrika walikuwa wanatafuta marimba na ngoma, wakikuta kijana wa Kitwe kavaa suruali ya bomba na gitaa la umeme wanaona huyu si Mwafrika halisi, wanampita. Mpaka leo nikiweka Lazy Bones!! kwenye spika hapa kazini fundi mwenzangu ananiuliza hao ni wazungu gani, nikimwambia Wazambia anacheka anadhani namtania.

Sasa ombi langu, na siyo makubwa. Mtumeni mwandishi mmoja Lusaka, nauli ya basi inajulikana, akakae na wazee waliobaki wakiwa bado wapo, awaulize nani alirekodi nini na wapi. Akitoka huko apitie Nairobi. Na hapo Dar ulizieni zile tepu za Radio Tanzania, zipo ngapi ambazo bado zinasikika, kwenye bendi za vijana za mwanzo wa sabini humo ndani kuna magitaa yanayokwaruza vile vile, ila yamefungiwa kwenye makabati. Nyimbo nyingi za Zamrock nilizotaja zipo YouTube bure, msomaji hana kisingizio cha bando zaidi ya bando lenyewe, aanze na Khala My Friend halafu Black Tears halafu chochote cha Ngozi Family kwa sauti kubwa, majirani watasema.

Na safari ijayo mkiandika tena mambo ya Freddie, tafadhali, Queen II.

Msomaji wenu,
Mbeya