Kasino za mtandaoni zimkague mchezaji anapojiunga, si anapodai ushindi wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ninaloliona mara kwa mara mezani pangu, kwa kuwa naendesha steshenari karibu na stendi ya Msamvu mjini Morogoro. Nazungumzia vijana wanaokuja kuskani vitambulisho vyao ili walipwe fedha walizoshinda katika kasino za mtandaoni. Sitajadili hapa kama kamari inafaa au haifai. Hilo lina wenyewe wa kulisema. Hoja yangu ni kwamba kampuni iliyopokea fedha za mchezaji bila kumuuliza yeye ni nani haina haki ya kuanza kumuuliza siku anapodai chake, na kwamba kila karatasi inayomdai siku hiyo inageuka kuwa amana ambayo inapaswa kuitolea hesabu.

Utaratibu ulivyo kwa sasa wengi wanaujua. Kijana anaandika namba ya simu, anaweka nywila, anabofya kisanduku kinachosema ametimiza miaka 18, kisha anaingiza fedha kutoka kwenye akaunti yake ya simu kwa namba ya siri. Kwa hatua hizo chache anaweza kucheza kindege (mchezo wa kubashiri ndege itapaa hadi wapi kabla haijatoweka) au mashine za mtandaoni usiku kucha, akapoteza mshahara wa mwezi mzima, na hakuna atakayetaka kujua jina lake la ukoo. Siku akibahatika kushinda zaidi ya milioni moja, ndipo ombi lake la kutoa fedha linapoandikiwa kwamba linasubiri uhakiki. Anatakiwa picha ya kitambulisho cha taifa, mbele na nyuma. Akiipeleka anatakiwa apige selfi akiwa ameshika kitambulisho hicho pamoja na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo. Akiipeleka nayo anaambiwa pembe moja ya kadi haionekani vizuri, arudie. Baada ya hapo hufuata taarifa ya benki ya miezi kadhaa na uthibitisho wa mahali anapoishi.

Nikiri kwamba ukaguzi wenyewe una sababu za msingi. Sheria yetu ya mwaka 2006 ya kudhibiti utakasishaji wa fedha haramu inazihesabu kasino miongoni mwa taasisi zinazopaswa kumtambua mteja wao, na viwango vya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakasishaji wa fedha, vinazitaka kasino, za mtandaoni zikiwemo, zimhakiki mteja pale miamala inapofikia dola 3,000 au zaidi. Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na chombo hicho Oktoba 2022 na haikutoka hadi Juni 2025, kwa hiyo si jambo la kulichezea. Wapo pia watoto wanaocheza kwa laini za wazazi wao, na wapo wezi wanaoingia kwenye akaunti za watu. Nchini Marekani, Novemba 2022, wahalifu waliingia katika akaunti zipatazo 60,000 za wateja wa kampuni ya kamari ya DraftKings kwa kutumia nywila zilizoibwa kwenye tovuti nyingine, wakaunganisha njia zao wenyewe za malipo, na wakachota takriban dola 600,000 kutoka akaunti kama 1,600. Ukaguzi makini pale njia ya kutolea fedha inapobadilishwa ungewaokoa wengi wao.

Lakini sababu zote hizo zina nguvu ileile, na pengine zaidi, siku mchezaji anapojiunga. Mtoto wa miaka 15 huzuiwa kabla hajaweka dau, si baada ya kupoteza fedha za mama yake. Na mwenye fedha haramu hukamatwa anapoziingiza. Ukaguzi unaosubiri hadi mtu ashinde unamwacha mtoto anayepoteza aendelee kupoteza, kwa kuwa anayepoteza hana cha kutoa. Sioni ni kwa namna gani utaratibu wa aina hiyo unaitwa ulinzi.

Uingereza iliyaona haya mapema kuliko sisi. Tangu Mei 7, 2019, Tume ya Kamari ya nchi hiyo inazilazimu kampuni za mtandaoni kuthibitisha jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa ya mteja kabla hajaruhusiwa kucheza, na masharti ya leseni yanaikataza kampuni kumdai mteja nyaraka za ziada kama sharti la kutoa fedha zake ikiwa nyaraka hizo ingeweza kumwomba mapema. Oktoba 2021 nchi hiyohiyo ilipiga marufuku kitufe kinachomwezesha mchezaji kufuta ombi lake la kutoa fedha na kuzirudisha mchezoni. Hapa kwetu kitufe hicho bado nakiona kwenye simu za wateja wangu, tena kimewekwa chini kabisa ya maneno yanayosema ombi linasubiri uhakiki, kwa rangi ya kijani inayovutia jicho. Kijana mmoja aliyeshindwa kupata uthibitisho wa makazi kwa wiki nzima alikibofya akiwa amekaa kwenye benchi langu, na kabla foleni ya fotokopi haijaisha hakuwa tena na sababu ya kuskani chochote. Ninavyoona mimi, kuchelewa kwa uhakiki kunailetea kampuni faida, na anayefaidika na kuchelewa hatakuwa na haraka ya kumaliza.

Huo uthibitisho wa makazi nao una vituko vyake. Kampuni zinataka ankara ya umeme au maji yenye jina la mchezaji, isiyozidi miezi mitatu. Mpangaji wa chumba kimoja Kihonda ataitoa wapi? Umeme tunanunua kwa LUKU, yaani tunalipia kabla ya kutumia, na mita imeandikishwa kwa jina la mwenye nyumba, pengine aliyekwishafariki na warithi hawajabadilisha. Maji yanagawanywa kwa idadi ya wapangaji. Kinachobaki ni barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, yenye picha na mhuri wa mtendaji, ambayo ndiyo inayokubalika kwenye benki zetu, polisi na mahakamani kwa dhamana. Mteja wangu mmoja aliipeleka barua ya aina hiyo akajibiwa kwamba haimo kwenye orodha ya nyaraka zinazotambuliwa na kwamba, kwa vyovyote, haiko kwa Kiingereza. Kampuni inayotangaza biashara yake kwa Kiswahili redioni asubuhi hadi jioni haiwezi kushindwa kuusoma mhuri wa mtaa wa Kiswahili.

Nirudi kwenye hizo nyaraka zenyewe, maana hapa ndipo ninapopata wasiwasi zaidi. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Mwenye picha ya kadi yako, sura yako ukiwa umeishika, taarifa yako ya benki na namba yako ya simu, anakujua vya kutosha kukupigia akajifanya ni mtoa huduma wa mtandao wako. Tumezoea kuwacheka wanaotuma ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii” kwa sababu hawajui hata jina la wanayemtumia. Fikiria wakilijua, pamoja na kiasi ulichoshinda jana.

Picha hizo zinapita mikononi mwa watu wengi kabla hazijafika zinakokwenda. Kijana ananitumia kwa WhatsApp, ninazifungua kwenye kompyuta ya duka, naziskani upya, nazituma kwa baruapepe yake ambayo mara nyingi anaiacha wazi. Nimejiwekea utaratibu wa kufuta faili za kila mteja akiwa amesimama hapohapo, lakini nimekwenda kwenye maduka mengine na kukuta kwenye eneo la mbele la kompyuta vitambulisho vya watu wa miezi iliyopita vimejipanga kama biskuti dukani. Nako vinakofika hakuna uhakika zaidi. Januari 2019 ilibainika kwamba seva moja yenye kumbukumbu za kasino za mtandaoni ilikuwa imeachwa kwenye intaneti bila nywila yoyote, ikiwa na taarifa zaidi ya milioni 108 za madau, amana na fedha zilizotolewa, pamoja na majina, anwani na namba za simu za wachezaji. Hakuna mwizi aliyehitaji kuvunja chochote.

Bunge letu limekwishafanya sehemu yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahsusi, ziwe zinazohitajika tu, zisihifadhiwe kuliko inavyostahili, na kila mkusanyaji asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais aliizindua rasmi Aprili 2024. Inaweka pia masharti kwa anayesafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Ninachokitafuta kwenye tovuti za kasino bila kukiona ni sentensi mbili tatu za Kiswahili zinazosema: picha ya kadi yako inahifadhiwa wapi, kwa muda gani, nani anaiona, na utaiombaje ifutwe.

Tena sehemu kubwa ya picha hizi haina haja. Tangu laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zianze kuzimwa Januari 2020, kila namba inayotumia huduma za fedha hapa nchini ina mwenyewe anayefahamika, na kampuni za simu pamoja na benki zimeunganishwa na mfumo wa NIDA. Mchezaji anapolipwa kwenye laini ileile aliyolipia, yenye jina lilelile, swali lililobaki ni ndiyo au hapana: je, namba hii ya NIDA ni ya mtu huyu, na ametimiza miaka 18? Jibu hilo linaweza kutoka kwenye mfumo bila kampuni kubaki na ghala la sura za watu. Picha na selfi zibaki kwa wenye kiasi kikubwa, wanaobadilisha njia ya malipo, au wale ambao majina yao hayalingani.

Wakati tukisubiri, wenzangu wanaocheza wajikinge kwa wanayoyaweza. Pakia nyaraka ndani ya akaunti yako kwenye tovuti yenyewe, usizitume kwa WhatsApp ya “mhudumu” asiye na jina. Andika juu ya nakala kwa kalamu, bila kuziba jina wala sura, kwamba ni kwa ajili ya uhakiki wa kampuni fulani, na tarehe. Kwenye picha ya kadi ya benki, ziba tarakimu za katikati na zile tatu zilizo upande wa nyuma wa kadi. Na ukiambiwa utume kwanza ada ya uhakiki au kodi ndipo ulipwe, jua huo ni utapeli, kwani kodi ya ushindi hukatwa na mwendeshaji kwenye ushindi wenyewe. Wanaocheza kwenye tovuti zenye leseni za Curaçao au visiwa vingine vya mbali waelewe kwamba Bodi yetu ya Michezo ya Kubahatisha haina mkono wa kufika huko, na malalamiko yao yatasafiri mbali kuliko fedha zao.

Ninachoiomba Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ikishirikiana na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ni waraka mmoja unaozibana kampuni zote zenye leseni: uhakiki ukamilike kabla ya dau la kwanza, orodha ya nyaraka itangazwe siku ya kujiunga na isiongezwe siku ya kutoa fedha, isipokuwa kwa sababu iliyoandikwa na kupelekwa kwa mchezaji, barua ya serikali ya mtaa itambuliwe, kitufe cha kurudisha fedha mchezoni kiondolewe, na uhakiki uwe na ukomo wa saa zinazohesabika, ukipita bila jibu fedha zilipwe. Kampuni itakayoona masharti hayo ni mazito ieleze hadharani ni lipi kati yake linaloizuia kufanya biashara.

Mwenye steshenari,
Msamvu, Morogoro