Risala kwa mgeni rasmi: unga wa antibayotiki ni wa thieta, sio wa nyumbani

Mheshimiwa mgeni rasmi, daktari bingwa wa mifupa, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, karibuni sana. Sisi wanafunzi wa uuguzi na utabibu tulio mazoezini wodi ya mifupa tumeambiwa risala iwe fupi, kwa hiyo sifa za kikundi tunaziruka, tunaingia kwenye antibayotiki ya kuweka kwenye kidonda.

Dokta, haya unayajua kuliko sisi ila wazazi wapo nao wasikie. Mfupa ukivunjika vibaya mishipa midogo ya damu ya pale nayo inachanika, sasa dawa ya sindano inazunguka mwili mzima lakini penye shida inafika kidogo, na bakteria wakishadandia chuma kilichowekwa kuunga mfupa wanajifunika utando, hapo kuwatoa ni shughuli, wengi wanarudishwa thieta, yaani chumba cha upasuaji, kufunguliwa upya. Ndio maana wapasuaji wengine wakishafunga chuma wanamwaga unga wa antibayotiki iitwayo vankomaisini humohumo kabla ya kushona.

Marekani waliujaribu kwa wagonjwa 980 waliovunjika mfupa wa mguu karibu na goti au kifundo, matokeo yakatoka 2021. Ndani ya miezi sita waliowekewa unga walipata maambukizi ya ndani asilimia 6.4, wasiowekewa 9.8, na kitakwimu tofauti hiyo iko ukingoni, yaani huenda ni bahati tu, tusidanganyane. Faida ilionekana kwa bakteria wa kundi la gram-chanya, ambamo wamo stafilokokasi, wale wa kundi jingine ambao vankomaisini haiwawezi hawakupungua. Tena sindano za kawaida za antibayotiki zilikuwepo kwa wote, unga haukuja kuzifuta.

Sasa changamoto yetu kubwa mheshimiwa. Mgonjwa akisikia kuwa daktari alimwaga unga, akifika nyumbani anafungua kapsuli anamimina juu ya nyuzi! Kapsuli ile ni ya kumeza, haikuandaliwa kuwekwa kwenye kidonda, kipimo hakijulikani, unga ukichanganyika na majimaji unaganda juu, hata usaha ukianza hauonekani mapema, na hapo hatujagusa aleji wala usugu wa dawa. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, mwaka 2017 ilishashauri kwamba dawa za kuua vimelea za kupaka au unga zisiwekwe kwenye mshono kwa ajili ya kukinga, yaani hata huu wa thieta bado wakubwa wenu wanaubishania, sembuse wa kapsuli ya jana iliyobaki kabatini.

Maombi yetu ni mawili tu. Kwanza mgonjwa anayeruhusiwa apewe karatasi ya maelezo yenye lugha nyepesi: kidonda kikavu na kisafi, kapsuli usimwage, na ukiona usaha, wekundu unaosambaa, homa au maumivu yanayozidi badala ya kupungua urudi siku hiyohiyo. Pili, kidonda kikishukiwa kuwa na maambukizi sampuli ipelekwe maabara kwanza pale hali ya mgonjwa inaporuhusu, maana tumechoka na kuandika antibayotiki kwa kubahatisha, na hili dokta tunakuomba uliseme wewe, sisi wanafunzi tukilisema tunaonekana tuna mdomo.

Tunaomba kuwasilisha.