Kwa nyie mnaoomba kazi za vyuo vikuu: mstari ule wa programu kwenye sivii

Wanangu, marahaba. Mnaniuliza mjifunze na muandike programu gani za kompyuta kwenye sivii, nawajibu wote kwa pamoja manake mmoja mmoja sitawamaliza.

Nimekaa kwenye meza ya kusaili watu miaka mingi, kazi za utafiti na za ofisi za utawala, na kuna kitu kinaniuma. Sivii inakuja imeandikwa Excel, SPSS, Stata, R, Python, NVivo, programu za kupanga na kuchambua data, zote mstari mmoja, halafu kijana anapewa laptopu na faili la majibu ya dodoso, anaambiwa lisafishe, yaani atafute makosa ayarekebishe, mikono inaganda. Si kwamba hana akili jamani, ni kwamba data alizozizoea ni zile za darasani ambazo mwalimu keshazipanga.

Kuna binti mmoja aliandika programu mbili tu. Kabla hajagusa chochote akatoa kopi ya faili, la asili akaliweka kando, akaanza kupita safu moja moja. Akauliza, mbona namba za usajili nyingine zina tarakimu tano nyingine tatu? Hapo ndipo penyewe. Faili la CSV, yaani data za maandishi matupu zilizotenganishwa kwa mkato, ukilifungua tu kwenye Excel, 00457 inageuka 457 kwa sababu inadhani ni hesabu, inabidi uiambie ile safu ni maandishi wakati unaingiza data. Tulimchukua.

Na msidhani ni vitu vidogo. Jeni iliyoitwa SEPT2 Excel ilikuwa inaigeuza tarehe, watafiti wakasumbuka mpaka mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni ikatangaza kwamba jeni za namna hiyo zimebadilishwa majina, siku hizi inaitwa SEPTIN2. Mwaka 2013 naye mwanafunzi Thomas Herndon wa University of Massachusetts Amherst aliomba faili la Excel la utafiti wa madeni ya nchi wa Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, wachumi wakubwa kabisa, akakuta fomula ya wastani imeishia njiani, nchi 5 kati ya 20 hazikuhesabiwa. Mwanafunzi huyo!

Mimi mwenyewe ofisi moja niliyopita, mtu alipanga majina ya wanafunzi kialfabeti akasahau kuchagua na safu ya alama, majina yakahama alama zikabaki palepale. Hakukuwa na kopi. Tulikesha na makaratasi siku tatu na kuna watoto walilia mlangoni kwetu.

Kwa hiyo anayetaka utawala, ijue Excel kweli kweli, VLOOKUP ya kutafuta taarifa kwenye jedwali lingine, pivoti ya kujumlisha data kwa makundi, na kuiunganisha na Word barua mia tatu zitoke kila moja na jina lake sahihi. Anayetaka utafiti aongeze R, ni ya bure, na kila hatua unaiandika kwahiyo mwenzio anaweza kuirudia akaona ulifanya nini, marejeo weka kwenye Zotero nayo bure. SPSS ni ya kulipia, jifunze kama chuo kinayo.

Tafuteni data chafu ya kweli, hata ya kikundi chenu cha akiba, msafishe, mwandike mlibadilisha nini na kwa nini, mje nayo. Na programu usiyoijua ukiulizwa sema siijui, kisha fungua hiyo kazi yako utuonyeshe.