Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: meza ya sheria ifunguliwe siku moja na daftari la mgawo

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam kutoka kwetu, wasaidizi wa kisheria wa tambarare ya Moshi. Tunakuandikia mapema, masika bado hayajafika, kwa sababu jambo tunaloomba halipangiki vizuri watu wakiwa tayari wameloa.

Mvua ikizidi mlimani, maji ya Rau, Njoro, Karanga na Weruweru hushukia huku chini, Mabogini, Kahe na Arusha Chini. Watu huhamia madarasani na kwenye nyumba za ibada, na kamati za maafa huleta turubai, unga, maharage na dawa ya maji. Haya tunayashukuru kwa dhati. Lakini msaada wa kisheria, ukija, huja wiki nyingi baadaye, wanafunzi wamesharudi darasani na familia zimetawanyika kwa ndugu, kila mtu na tatizo lake mkononi. Wewe ndiye mwenyekiti wa kamati ya maafa ya mkoa. Tunakuomba uagize kwamba popote linapofunguliwa daftari la mgawo, lile la majina ya wanaopokea msaada, meza ya msaada wa kisheria ifunguliwe siku hiyo hiyo.

Tunalitaja daftari la mgawo kwa makusudi. Linaandikwa kwa ajili ya chakula, lakini bila mtu yeyote kukusudia hugeuka ushahidi wa nani aliishi wapi. Miezi sita baadaye, mabati au viwanja vinapogawiwa, watu hulirudia daftari lile lile. Kama liliandika jina la mkuu wa kaya peke yake, mke wa pili hayumo. Mpangaji aliyepoteza kila kitu hayumo, ila mwenye nyumba anayeishi mjini yumo. Mkulima aliyekodi jaruba la mpunga kwa makubaliano ya mdomo hayumo. Mjane anayeishi kwenye kiwanja cha wakwe ameandikwa chini ya jina la shemeji. Dawa yake ni safu nne tu za nyongeza: kila mtu mzima kwa jina lake kamili, namba yake ya NIDA (kitambulisho cha taifa) kama anaikumbuka, kitongoji na jina la mjumbe wake, na neno moja la hali yake pale alipokuwa: mmiliki, mpangaji, aliyekodi shamba au mwanafamilia. Kuziongeza baadaye ni vigumu, kwa kuwa kila jina jipya huonekana kama la mtu anayetaka mgawo wa bure.

Baada ya hapo zinakuja karatasi. Misingi ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1998 kuhusu watu waliohamishwa ndani ya nchi zao inasema wazi, katika msingi wa 20, kwamba mamlaka ziwarudishie watu hati zilizopotea bila masharti yasiyo na sababu, kama vile kuwalazimisha warudi kwanza walikotoka, na kwamba wanawake wapewe hati kwa majina yao wenyewe. Kwetu hapa hati hizo ni kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, hatimiliki ya kimila na, mara nyingi zaidi, karatasi ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mashahidi. Kila moja ina njia yake. Mwenye kitambulisho kilichopotea anahitaji taarifa ya upotevu kutoka polisi pamoja na namba yake ya tarakimu 20. Cheti cha kuzaliwa kilichosombwa na maji huombewa nakala RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Mtoto hasajiliwi upya. Mzazi asiyeelezwa hilo humsajili mtoto mara ya pili, na miaka kumi na zaidi baadaye kijana anajikuta ana vyeti viwili vyenye tarehe mbili. Hatimiliki ya kimila ina kumbukumbu kwenye masjala ya ardhi, kwa hiyo inafuatilika. Karatasi ya mauziano haina pacha popote. Hiyo ndiyo ya kukimbiliwa kwanza, mashahidi wakiwa bado hai na wote wamelala kwenye darasa moja.

Hapo ndipo hati ya kiapo inapohitajika, na hapo ndipo makosa hujaa. Fomu moja hupigwa nakala mia, watu wakajaza majina na kuweka dole gumba. Hati ya namna hiyo haifiki mbali. Anayeapa aseme aliyoyaona na kuyajua mwenyewe. Aliyoyasikia kwa mtu, amtaje mtu huyo. Sehemu ya mwisho, mbele ya hakimu au kamishna wa viapo, lazima ionyeshe mahali na tarehe kiapo kilipofanyika. Pasipo hayo, mahakama huikataa hati nzima, hata kama kila neno lake ni kweli. Mtu asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa, na iandikwe kwamba alisomewa na nani. Kahe kuna wazee ambao Kiswahili cha ofisini kinawapita. Wanahitaji mtu wa Kikahe, Kipare au Kimasai, na si mjukuu mwenye maslahi kwenye shamba hilo hilo. Sisi wasaidizi wa kisheria hatuapishi, na sheria hairuhusu tumtoze mtu ada wala tumwakilishe mahakamani. Ndiyo maana tunaomba hakimu wa mahakama ya mwanzo au wakili wa kujitolea afike kambini mara mbili kwa wiki. Nauli ya kwenda mjini na ada ya kiapo humshinda mtu aliyetoka nyumbani na kanga moja.

Mipaka ya mashamba haisubiri. Mheshimiwa unayajua masale, mimea inayopandwa mipakani, jinsi yanavyoshika mpaka kwa vizazi bila mtu kuyagusa. Mafuriko yakiyang'oa, au tope likiyafunika, jirani mwema na jirani mwenye tamaa wote huanza kukumbuka tofauti. Maji yakishapungua, ndani ya wiki mbili, majirani wa pande zote nne watembee pamoja na mjumbe na mjumbe wa baraza la kijiji la ardhi. Wapige picha, waandike alama zilizobaki (mfereji, mwembe, kona ya msingi wa nyumba), wachukue namba za mahali (GPS) kwa simu na wote wasaini ukurasa mmoja. Hiyo si hukumu. Ni kumbukumbu tu, lakini inazuia kesi. Ugomvi ukizuka hata hivyo, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya, na asiyeridhika na uamuzi wa huko ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Wengi huzimaliza siku hizo 45 wakiandika barua kwa viongozi, wakidhani wanakata rufaa.

Kuhusu waliofariki tutasema machache. Kabla ya kuzika, hata kwa haraka, iandikwe: jina kamili, umri, mahali mwili ulipopatikana, nani aliutambua. Kifo kiripotiwe ndani ya siku 30. Bila cheti cha kifo mjane hawezi kufungua mirathi, na bila msimamizi wa mirathi hakuna anayeweza kuuza shamba la marehemu kihalali, ingawa wapo watakaojaribu. Mzigo mzito zaidi ni wa familia ambayo mtu wao hakuonekana kabisa, kwa kuwa sheria yetu ya ushahidi humchukulia mtu kuwa amefariki baada ya miaka 5 ya kutosikika. Familia hiyo inahitaji taarifa polisi tangu siku ya kwanza, ili hesabu ya miaka iwe na mwanzo unaothibitika.

Tunafika kwenye ushauri nasaha, ambao hatuutenganishi na sheria. Mtu aliyepoteza mtoto hawezi kusikiliza maelezo ya siku 45. Kwanza apate maji, mahali pa kukaa na mtu wa kumsikiliza bila kumlazimisha kusimulia. Kumlazimisha mtu arudie simulizi yake kwa kila ofisa anayepita kunaumiza, na hakuna faida ya kitabibu. Asimulie mara moja, kwa mtu mmoja, iandikwe, na kwa ridhaa yake iende kwa wengine wanaohusika. Kwa aliyebakwa, saa ndizo zinazoamua: dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Aende hospitali kwanza. PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi vifuate bila kumchelewesha. Hili halisemeki kwenye meza iliyo mita mbili kutoka foleni ya unga. Meza iwe upande wa pili wa uwanja, ifunguliwe mchana mgawo ukishaisha, izungushiwe turubai, na mmoja wa wahudumu awe mwanamke. Majina ya wenye mashauri yasibandikwe ukutani, na picha za mafaili zisitumwe kwenye makundi ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu pia watu waliolala sakafuni.

Kuna neno moja linalovuruga kila kambi: fidia. Mgawo wa maafa ni msaada. Fidia ni haki ya mtu ambaye Serikali imechukua ardhi yake. Wananchi huchanganya mambo haya mawili, na viongozi wa chini pia, hasa alama ya X ya kubomoa inapochorwa ukutani kwa sababu ya zile mita 60 za kingo za mto zisizoruhusiwa ujenzi kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004. Tunaomba kabla ya alama yoyote kuchorwa, kipimo kivutwe mbele ya mwenye nyumba, aambiwe kwa maandishi ni kwa sheria ipi na analalamika wapi. Na mtu yeyote asisaini karatasi ya kupokea mabati yenye kifungu cha kuachia kiwanja chini yake, kabla hajasomewa.

Mahitaji yetu ni madogo. Kwa kambi ya kaya mia moja: wasaidizi wa kisheria wawili waliosajiliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ofisa ustawi wa jamii mmoja, meza mbili, viti vinne, turubai moja, madaftari makubwa matatu, karatasi za kaboni, wino wa dole gumba, mifuko ya plastiki inayofungika mia mbili ya kuhifadhia hati, na sanduku la chuma lenye kufuli. Kambi ikifungwa, sanduku lisiachwe kwenye stoo ya shule. Likabidhiwe kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri kwa maandishi, na kila familia iondoke na nakala yake ya kaboni.

Tuko tayari kukaa na kamati yako na kuandika utaratibu huu mzima kabla ya Machi.

Wako katika kazi,
Wasaidizi wa kisheria wa kata za tambarare,
Moshi