Karatasi ya Maneno Magumu

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.

Mwandani wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Eldoret katika baridi yake. Baada ya salamu, sisi hapa hatujambo, na bibi pia hajambo isipokuwa goti lake linalomsumbua anapopanda ngazi. Amenituma nikwambie kwamba chumba cha uani bado ni chako siku utakapokuja.

Barua yako niliisoma mara mbili. Uliniuliza, kwa upole wako ule ule, vitabu ninavyosomeshwa muhula huu vinanifaa nini, na kama ni kweli nakesha nikihesabu mizani ilhali wewe unakesha wodini ukijifunza kutunza wagonjwa. Nimekawia kukujibu kwa sababu swali lako lilinikuta katikati ya jambo ambalo mwenyewe sikuwa nimelielewa, nami sikutaka kukuandikia maneno ya juujuu.

Somo lenyewe ni la ushairi wa pwani. Tumepewa kazi nne: Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, Utendi wa Mwana Kupona, mashairi ya Muyaka bin Haji, na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Siku ya kwanza mhadhiri alitugawia karatasi ya maneno magumu, upande mmoja maneno yenyewe na upande wa pili maana zake kwa Kiswahili Sanifu. Wenzangu waliotoka bara wakaanza kuyakariri hapo hapo. Mimi nilibaki nimeishika tu mkononi. Mato, macho. Nti, nchi. Mtele, mchele. Kuteka, kucheka. Kuwata, kuacha. Karibu yote yalikuwa maneno ambayo bibi huwa keshayatamka kabla ya saa mbili asubuhi, akiwa jikoni anapika mahamri na kumhimiza mtoto wa jirani aje achukue yake kabla hayajapoa.

Bila shaka unaikumbuka insha yangu ya kidato cha pili. Niliandika kwamba mama alimfuta mwanawe matozi. Mwalimu alilizungushia neno hilo kalamu nyekundu, akaisoma sentensi nzima mbele ya darasa, akasema kuwa hiyo ni lugha ya vichochoroni, na darasa likaangua kicheko. Wewe hukucheka. Uliniinamia ukaniuliza kwa kunong'ona kama matozi ndiyo machozi, na nilipoitikia kwa kichwa ukaliandika pembeni mwa daftari lako. Sijawahi kukushukuru kwa jambo hilo, basi nakushukuru sasa. Tangu siku ile nilijizoeza kuwa na ndimi mbili, mmoja wa shule na mmoja wa nyumbani, na niliamini kwa moyo wote kwamba ule wa nyumbani ndio wenye kasoro.

Mhadhiri alitueleza kwamba mkutano uliokiteua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu ulifanyika hapa hapa Mombasa mwaka 1928, na kwamba mwaka 1930 iliundwa kamati ya kuusimamia uamuzi huo katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kabla ya hapo Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kilikuwa na watetezi wake, hata miongoni mwa wamisionari, kwa kuwa Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 alijifunza Kiswahili kwa watu wa huku. Sina ugomvi na Sanifu. Ndicho ninachokuandikia hivi sasa, na bila ya hicho mimi na wewe tusingezungumza kwa wepesi tulioujua tangu siku ya kwanza ulipohamia shuleni kwetu. Lakini kuchagua lahaja moja iwe ya vitabu vya shule hakukuzifanya nyingine kuwa makosa, na mtu wa kuniambia hilo sikumpata mpaka nilipotimiza miaka 21.

Al-Inkishafi niliianza kwa woga, maana imetungwa katika lugha ya Pate na Lamu, ambayo hata bibi huifuata kwa kukisia hapa na pale. Mtungaji aliishi zama za kuanguka kwa mji wa Pate, akayatazama majumba ya matajiri yalivyobaki magofu, akawa anausemesha moyo wake mwenyewe na kuuhoji ni kwa nini bado unaghurika na dunia. Anataja taa zilizokuwa ziking'ara, vyombo vya kaure, vikao vya watu wenye kiburi, kisha anatuingiza ndani ya nyumba hizo hizo ambamo sasa mende wanavuma na nyenje wanalia, na vidaka vya ukutani vimegeuka viota vya ndege. Kwenye karatasi yetu neno kidaka lilielezwa kuwa ni shimo ukutani la kuwekea vitu. Nikainua macho. Nilikuwa nimeketi sebuleni chini ya vidaka viwili vya nyumba yetu, ambavyo kingo zake za chokaa zimeliwa na chumvi na rangi yake imebabuka tabaka juu ya tabaka, kijani juu ya samawati juu ya nyeupe. Cha kulia kina msahafu uliofungwa kwa kitambaa. Cha kushoto kina dawa za presha za bibi, tochi, na chaja ya simu yangu. Nimelala chini ya vidaka hivyo tangu utotoni na sikuwahi kujiuliza waliovichonga walikusudia kuweka nini, wala wako wapi. Usiku ule sikuendelea kusoma. Niliyasikia mawimbi upande wa bandari ya zamani, nikahisi kwamba utenzi ule ulikuwa ukiizungumzia nyumba ninayoishi.

Kuhusu Mwana Kupona nitakwambia ukweli, kwa sababu najua utaniuliza: nimegombana naye. Alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake, na sehemu kubwa ni mafunzo ya namna mke anavyopaswa kumridhisha mume. Darasani wasichana tulichemka, nami nilikuwa wa kwanza kusema kwamba mafunzo hayo ni mzigo. Bado nasema hivyo. Hata hivyo nilipourudia peke yangu nilisimama pale mwanzoni, ambapo mama anamwita bintiye asogee karibu, aje na wino na karatasi. Fikiria hilo wewe unayekaa na wagonjwa. Ni mwanamke anayejua kwamba hatapona, na hali jina lake ndilo hilo, na jambo analolitaka kabla ya yote ni kalamu mkononi mwa mtoto wa kike. Wazungu waliouchapisha mwaka 1934 waliupa kichwa cha Kiingereza kinachousema kuwa ni mawaidha juu ya wajibu wa mke, na nadhani kichwa kile kimetuziba wengi tusione kwamba ni wasia wa mama kwa mwana kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Kazi yangu ya muhula nitaiandika juu ya ubeti ule wa wino. Mafunzo mengine nitayapinga, lakini kwa adabu inayomstahiki mtu aliyekuwa akitunga huku anauguza mwili wake.

Muyaka ni wetu kabisa. Aliishi hapa Mvita na akafariki mwaka 1840, miaka michache baada ya utawala wa Wamazrui kuanguka, na mashairi yake yamejaa siasa za mji, mapenzi, madeni na vijembe. Kwa miongo kadhaa baada ya kifo chake mengi yalibaki vinywani mwa watu, hadi Mwalimu Sikujua wa hapa Mombasa alipoyakusanya na kumsaidia mmisionari William Taylor kuyaandika. Miswada ikasafiri hadi London, na diwani ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940. Yalipofika London yalikuwa yamekwisha kuvuka kizazi kizima bila karatasi, na kilichoyavusha ni vile vina na mizani tulivyokuwa tukivilalamikia mimi na wewe shuleni. Mizani kumi na sita kwa mshororo, minane ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na minane utao, kipande cha pili: mtu akisahau neno moja, hesabu yenyewe inamwambia kuwa pana pengo. Nilikuwa nikidhani ni sheria za kututesea kwenye mtihani. Sasa naona ni kama vile unavyofunga bandeji, ambavyo mkazo wake si wa mapambo.

Nimekuwekea Sauti ya Dhiki mwisho kwa sababu ndicho kitabu kilichonishika na hakijaniachia. Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Alikuwa na miaka 22, mwaka mmoja tu kunipita mimi, alipokamatwa kwa kuandika waraka uitwao Kenya: Twendapi?, uliouhoji mwenendo wa serikali ya wakati ule. Alifungwa tangu mwaka 1969 hadi mwaka 1972, na huko kifungoni akatunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni kwa kuwa nyingine hakuwa nazo. Kitabu kilitoka mwaka 1973, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo iliyokuwa na jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Nilipolisoma jambo hilo niliweka kitabu chini nikatoka barazani kupunga hewa.

Kitabu kizima kinazungumza Kimvita. Lipo shairi linaloitwa Siwati, ambamo msemaji anashikilia msimamo wake na kukataa kuubadilisha hata akidhikishwa vipi. Kwenye karatasi ya maneno magumu imeandikwa "siwati: siachi", na maana hiyo ni sahihi. Lakini mimi neno hilo nimelisikia maisha yangu yote. Nimelisikia kwa bibi alipokatazwa kahawa na daktari, nikalisikia kwa mjomba alipoambiwa auze ngalawa ya babu, na kila mara lilikuja na uzito ambao siachi haiubebi masikioni mwangu. Kijana yule, akiwa peke yake kwenye chumba cha gereza ambako hapakuwa na mtu wa kumjibu, hakwenda kutafuta lugha ya heshima zaidi ya ile aliyolelewa nayo. Alichukua neno la jikoni kwao akalifanya jina la shairi, na shairi hilo leo linatahiniwa chuo kikuu. Nilipoligundua hili nililia, mwandani wangu, na yalikuwa matozi.

Kwa hiyo ukiniuliza vitabu vinanifaa nini, nakujibu kwamba vimenirudishia kitu ambacho nilikuwa nimekificha kwa haya tangu kidato cha pili. Sijui kama hilo litanipa kazi. Baba huniuliza swali hilo kila Ijumaa baada ya chakula, na bado sina jibu la kumridhisha.

Jana baada ya Isha nilimsomea bibi shairi lile kwa sauti. Aliacha kushona kofia akanisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa penye vina. Kisha akaniambia kwamba maneno ni yenyewe lakini nayatamka kishule. Akaniketisha karibu yake akanionyesha: katika mato ulimi hugusa meno, na katika mtoto ulimi hurudi nyuma kidogo, hizo ni sauti mbili, ingawa kitabuni zote zimeandikwa kwa herufi moja. Nilijaribu, akakataa. Nikajaribu tena, akakataa tena, akanishika kidevu kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo nikijifunza kusoma juzuu. Mara ya nne akasema, "Hapo sasa. Haya, lianze tena."

Tuliendelea hadi saa nne na nusu usiku, na tumefika ubeti wa tatu. Likizo yako ikianza niandikie siku utakayoshuka, nije nikupokee kituoni, kwa sababu bibi ameshasema kwamba wewe pia atakuketisha hapo hapo chini ya vidaka na kukufundisha.

Nisalimie wote wa kwenu.

Ni mimi mwandani wako,
wa dawati moja.