Barua ya wazi kwa vijana wa teatre wa Lubumbashi: Denzel, Whitaker na makelele yetu jukwaani

Wanangu wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya, Kamalondo na Ruashi,

Jambo kwenu. Ubishi wenu umenifikia. Wengine mnasema Denzel Washington hana mpinzani. Wengine mnashikilia kwamba Forest Whitaker alimpita siku alipovaa magwanda ya Idi Amin, na ushahidi wenu ni tuzo ya Oscar. Mngekuwa mashabiki tu ningewaacha mbishane. Lakini mnataka kuwa waigizaji, na filamu zao mbili, Malcolm X ya Denzel na The Last King of Scotland ya Whitaker, zina mambo mnayoyahitaji, kwa hiyo nawaandikia wote pamoja.

Tuzo tuimalize haraka. Whitaker alipewa Oscar mwaka 2007 kwa The Last King of Scotland, na aliistahili. Denzel aliteuliwa kwa Malcolm X, filamu ya Spike Lee ya mwaka 1992 juu ya mpigania haki huyo wa Wamarekani weusi, ikashinda kazi ya Al Pacino. Mwaka 2002 wakampa kwa kuigiza polisi fisadi katika Training Day. Naamini walikuwa wanalipa deni la zamani.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Malcolm X inapita saa tatu, na humo Denzel anabeba maisha ya mtu mmoja yaliyogeuka mara kadhaa: kijana wa mitaani mwenye suti pana na nywele zilizonyooshwa kwa dawa inayochoma, mfungwa mwenye hasira, mhubiri wa Nation of Islam, jumuiya ya Waislamu weusi wa Marekani, kisha haji aliyerudi kutoka Makka mwaka 1964 akiwa na ndevu na fikra mpya. Itazameni tena mkiwa mmezima sauti. Angalieni mabega, shingo, namna anavyokaa kitini. Wengi wetu hapa tuliiona ikiwa imetiwa Kifaransa, maana yake sauti tuliyoisikia haikuwa ya Denzel hata kidogo. Hata hivyo mtu yule alitufikia. Ni mwili uliomleta.

Kuna sehemu ya hospitali, na hiyo nawaomba muirudie mpaka muichoke. Polisi wamempiga Mwislamu mmoja vibaya. Malcolm anakwenda kituoni, anadai mtu wake apelekwe hospitali, halafu anaongoza safu za wanaume barabarani, umati wenye hasira ukiwafuata nyuma. Anaporidhika kwamba mgonjwa anatibiwa, anatoa ishara kwa mkono, na zile safu zinageuka na kuondoka. Mkubwa wa polisi anabaki akisema kwamba uwezo ule ni mwingi mno kwa mtu mmoja. Denzel hakupaza sauti. Alitulia, akawaacha waliomzunguka watuonyeshe yeye ni nani.

Whitaker alikuwa na mzigo wa namna nyingine. Filamu yake ya mwaka 2006 ilipigwa Uganda kwenyewe, kati ya watu wanaomkumbuka Amin, aliyetawala kuanzia 1971 hadi 1979. Alizungumza na watu waliomjua, akajifunza Kiswahili, akajifunza hata kupiga akodioni kwa sababu Amin aliipiga. Hiyo mtafute yenye sauti yake mwenyewe, msikubali ya Kifaransa. Sisi tunaosema Kiswahili tunapaswa kumsikia alivyohangaika na lugha yetu.

Mnakumbuka ng'ombe? Gari la Amin limemgonga, mnyama analia kwa maumivu, na daktari kijana anayemfunga Amin mkono anashindwa kuvumilia: anachukua bastola ya Amin na kummaliza yule ng'ombe. Uso wa Whitaker unafungwa. Unaamini kabisa daktari amekwisha. Kisha anasikia kijana ni Mskoti, na uso uleule unafunguka kwa furaha ya mtoto, wanabadilishana mashati. Baadaye anamlaumu daktari huyo kwamba alimshauri asiwafukuze Waasia lakini hakumshawishi vya kutosha! Analaumu kwa moyo wote, kama mtu aliyeonewa. Sisi Wakongo tulioishi chini ya dikteta wetu Mobutu tunaijua hofu hiyo. Mkubwa akikasirika, ulijua pa kujificha. Akicheka nawe, ulilala macho wazi.

Mkiniuliza kazi ipi ni kubwa zaidi, nasema ya Denzel. Amin wa Whitaker tunamwona kwa macho ya daktari, ambaye ni mtu wa kubuni. Anaingia, anatutetemesha, anatoka, na njia iliyomfikisha pale hatuipiti pamoja naye. Denzel anatupitisha njia nzima, na mwishoni hatuna shaka kwamba mwizi wa mwanzo na haji wa mwisho ni mtu mmoja. Halafu kuna hili la kwetu, nalisema kwa uchungu: Malcolm mwenyewe, mwaka 1964, alimsifu Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo yetu, kuliko Mwafrika mwingine yeyote. Lumumba aliuawa nje ya mji wetu huu, tarehe 17 Januari 1961. Mwigizaji wa Lubumbashi anayemtazama Malcolm kama mgeni hajafikiri vizuri.

Lakini mnaiga nini kutoka kwa wawili hao? Nimeyaona maigizo yenu. Kila anayecheza mukubwa, awe gavana, komanda au baba mwenye nyumba, anaingia akipiga kelele na kutoka akipiga kelele. Mnadhani huo ndio Whitaker. Mmechukua ngurumo, mkaacha kicheko. Kundi la Mufwankolo, lililochekesha mji huu kwa Kiswahili chetu, lilicheza bila maneno yaliyoandikwa, na iliwezekana kwa sababu kila mmoja alimsikiliza mwenzake kabla ya kufungua mdomo. Ninyi mna maneno yaliyoandikwa, nanyi mnangoja tu zamu yenu ya kusema.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Tazameni Malcolm X kwanza, pamoja, na anayekatiza atoke nje. Yule wa Amin mfuateni baadaye. Kisha niiteni mazoezini. Nataka kumwona kijana anayecheza komanda akisema maneno yake yote akiwa amekaa, kwa sauti ya kuomba chumvi mezani, na nataka kuwatazama wengine wote wanafanya nini wakati anasema.

Mzee wenu wa Katuba