Umo ndani ya upepo

Mwanangu mpenzi,

Jana usiku ulikula kimya, ukasukuma sahani, ukaenda zako chumbani. Uliporudi jikoni kuchota maji ndipo uliposema kinachokusumbua. Wenzako pale Wilson, uwanja wa hapa Nairobi mnakojifunza urubani, wamekwambia kwamba ukipaa ukiukabili upepo, kisha ukakata kona ukaupa mgongo, upepo unayapiga mabawa kwa nyuma na ndege inaanguka. Na wiki ijayo huenda mwalimu akashuka akakuachia ndege uirushe peke yako. Mimi naondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Lodwar, utakuwa bado umelala, basi nakuandikia.

Walilokwambia si kweli, baba. Ila naelewa kwa nini wanaliamini, kwa sababu hata mimi niliwahi kuliamini.

Tuanze na babu yako. Alikuwa nahodha, akijua kaskazi inaingia lini na kusi inaanza lini, na kwake upepo ni kitu kinachosukuma: tanga likijaa, jahazi linakwenda. Lakini jahazi limekaa majini. Maji yanalishika tumbo huku upepo ukilivuta tanga, na kwa kuwa viwili hivyo haviendi pamoja, nahodha anausikia upepo usoni. Ndege ikishaacha ardhi haina maji ya kuishika. Imo hewani tu, na hewa yote iliyoizunguka inakwenda nayo. Kwa hiyo usiilinganishe na jahazi. Ilinganishe na mtu anayeogelea katika mkondo pale Likoni, katikati kabisa. Akifumba macho hajui mkondo unampeleka wapi. Akizunguka duara, maji yanampita mwilini vilevile kila upande anaoelekea. Akifumbua macho akautazama ufuo, ndipo anapogundua kwamba amechukuliwa.

Mshale wa kipimamwendo wako unapima hewa inayokuja mbele ya ndege, basi. Ukiwa noti 70, yaani maili 70 za baharini kwa saa, kuelekea mashariki, ukageuka taratibu hadi magharibi, na upepo ni wa kutulia usiobadilika, mshale utabaki 70 kona nzima. Bawa halijui Ngong iko upande gani.

Upepo unachobadilisha ni safari yako juu ya ardhi. Tuseme ndege yenu inakwenda noti 100, na unasafiri maili 240 za baharini, ambazo ni karibu umbali wa hapa hadi Mombasa. Bila upepo, kwenda na kurudi ni saa 4 na dakika 48. Sasa weka upepo wa noti 20 unaotoka Mombasa. Kwenda, ardhi inapita kwa noti 80: saa 3. Kurudi, noti 120: saa 2. Jumla saa 5 kamili. Watu hudhani kinachopotea kwenda kinarudishwa wakati wa kurudi, lakini hakirudishwi, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaokuchelewesha kuliko ule unaokusaidia. Dakika hizo 12 ni mafuta, na mafuta uliyapima kabla ya kuondoka.

Sasa nikwambie lililonipata. Nilikuwa mwanafunzi kama wewe, tuko chini chini juu ya tambarare za Athi, tunafanya mazoezi ya kuzunguka kibanda kimoja cha mabati. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mashariki. Kila nilipoelekea mashariki, mabati yale yalisogea polepole, raha mustarehe. Nilipogeuka magharibi, nyasi zikaanza kukimbia chini ya bawa, nikasema moyoni nimezidisha mwendo. Nikapunguza moto wa injini. Nikavuta usukani kidogo ili nisiteremke. Nyasi bado zinakimbia, nikavuta tena, nikauinamisha zaidi ubavu ili kona isiwe pana. Mara king'ora cha onyo, kile kinacholia mwendo ukiwa mdogo mno kwa bawa kuibeba ndege, kikalia sikioni. Mwalimu akaisukuma pua chini, akaongeza moto, akagonga kioo cha kipimamwendo kwa kucha: mshale ulikuwa chini kabisa. Hakunigombeza. Alisema tu, "Umesoma nyasi."

Hiyo ndiyo asili ya uvumi wanaokupa wenzako. Upepo haukuiangusha ndege yangu. Mkono wangu ulitaka kuiangusha kwa kuamini macho. Na hapa Nairobi macho yanadanganya zaidi kuliko pwani. Wilson iko futi 5,500 na kidogo juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Mshale ukisema 60, kwa kweli unaikata hewa kwa karibu noti 66. Ongeza upepo wa noti 15 mgongoni, ardhi inakwenda 81. Ukigeuka kuukabili upepo, ni 51. Ndege ni ileile, mshale uko palepale, tofauti ya kinachoonekana ni noti 30. Mtu asiyejua lazima ashtuke.

Nimesema upepo wa kutulia, na neno hilo nimelisema makusudi. Ule unaopiga na kuacha ni kitu kingine. Ndege ina uzito, haiwezi kubadili mwendo wake ghafla, hivyo upepo wa mbele ukikatika mara moja, mshale unashuka kweli, na bawa linakosa hewa kweli. Haya utayakuta karibu na ardhi, mahali majengo na miti inapouvuruga upepo, na mchana jua linapopanda. Utayakuta pia ukivuka vilima vya Ngong kuelekea Bonde la Ufa wakati upepo unatoka mashariki: ng'ambo ya pili hewa inaporomoka na mteremko, nawe unaporomoka nayo. Pale sitaki nikuone uko chini.

Ukija kutua na upepo wa ubavuni, utaona pua imeelekea pembeni huku ndege ikija sawasawa na barabara ya kutulia, kama kaa anavyotembea mchangani. Usiogope kuona hivyo. Mwalimu atakufundisha kuinyoosha kabla magurudumu hayajagusa.

Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia hesabu moja. Maili zilezile 240 kwenda na kurudi, noti zilezile 100, upepo uleule wa noti 20, lakini sasa unakupiga ubavuni moja kwa moja, kwenda na kurudi. Usikimbilie kusema ni saa 4 na dakika 48. Chora kwanza. Niachie jibu chini ya kopo la sukari, nikirudi jioni nitalitazama.

Mama yako.